Karatasi ilikuwa nyekundu, maji yalikuwa pH 6

Kila mwisho wa mwezi maabara yetu hujitega yenyewe. Tunapika sosi ya nyanya na pilipili isiyo na kihifadhi hata chembe, tunaitia kihifadhi kiitwacho asidi ya benzoiki kwa kiasi tunachokijua, kisha tunaipima kama vile imeletwa na mteja. Tukiweka 100 na mashine ikasema 95, tunalala usingizi. Mwishoni mwa Februari ilisema 62. Tukarudia: 58. Tukarudia mara ya tatu, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pembeni: 65. Zaidi ya theluthi ya kitu tulichokitia kwa mikono yetu ilikuwa imepotea.

Ingekuwa aibu ya ndani tu, ila wiki mbili kabla tulikuwa tumempa ripoti mama mmoja wa Mbagala anayepika sosi na kuisambaza kwenye vibanda vya chipsi. Ripoti ilisema sosi yake ina miligramu 690 za asidi ya benzoiki kwa kilo. Kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa sosi ni 1000. Mama alifurahi, akalipa, akapanda bodaboda akaenda zake. Sasa piga hesabu: kama 690 ni asilimia 62 tu ya kilichomo, basi kwenye chupa kuna zaidi ya 1100.

Kisa chote hiki kinasimama juu ya tabia mbili za asidi ya benzoiki. Kwenye maji yenye asidi kali inabaki nzima, haina chaji, haiyapendi maji, na ukiiletea kiyeyushi kinachoelea juu inakimbilia huko. Kwenye maji ambayo asidi yake ni hafifu inaachia haidrojeni, inageuka benzoeti yenye chaji, na hapo inang'ang'ania majini. Mpaka uko kwenye pH 4.2 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, ukali unapanda), nusu huku nusu kule. Shuka hadi 2, karibu yote ni nzima. Panda hadi 6, kwa kila chembe moja nzima kuna zaidi ya 60 zenye chaji. Njia yetu inazitumia tabia zote mbili kwa zamu. Kwanza tunaitia sosi sodiamu haidroksaidi ili kila kilichomo kiingie majini, tunachuja nyanya na mbegu. Halafu tunatia asidi ya haidrokloriki mpaka pH ifike 2 au chini yake, tunaongeza kiyeyushi, tunatikisa, tunaacha tabaka zitengane, na lile la juu tunalisoma kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaomezwa, kwa mwanga wa nanomita 272.

Watuhumiwa walikuwa watatu, na wa kwanza alikuwa mgeni. Miaka yote tulitumia etha. Etha inachemka kwenye nyuzi 34.6, na aliyewahi kukaa Dar mwezi wa Januari umeme umekatika na kiyoyozi kimenyamaza anajua chumba kinavyoisogelea namba hiyo. Ukiitikisa faneli, kizibo kinataka kuruka. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka tukahamia ethili asetati, yenye ile harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, inayochemka kwenye nyuzi 77. Nayo inaelea juu ya maji kama etha. Kwa hiyo majibu yalipoanguka, ofisi nzima ikawa imeshahukumu: ni hiki kiyeyushi kipya, turudi kwa etha.

Nilichukua maji safi, nikayatia asidi ya benzoiki, nikashusha pH, nikavuta kwa ethili asetati ileile kutoka chupa ileile. Ilirudi 98. Mgeni akaachiwa kwa muda. Spektrofotometa tuliipitisha kwenye mimumunyo ya vipimo vinavyojulikana, mstari ukanyooka. Ikabaki mikono ya mtu.

Kijana wetu wa maabara si mzembe, na hilo naliweka wazi mapema. Anaandika kila kitu, anaosha vyombo bila kusukumwa, na daftari lake lilionyesha pH ya kila sampuli ya Februari. Zote ziliandikwa 1. Nilipoziona ndipo nilipoanza kuwa na shaka. Sosi kumi na moja za watu mbalimbali, nyingine nzito kama uji, nyingine nyepesi na chachu, zote zifike pH 1 kwa matone kumi ya asidi? Nikamwomba anionyeshe.

Akamimina mililita 50 za maji ya sosi iliyochujwa kwenye faneli ya kutenganisha, ile yenye koki chini. Juu yake akaweka mililita 25 za ethili asetati. Halafu, kiyeyushi kikiwa tayari juu, akadondosha asidi kali ya haidrokloriki, akihesabu kwa sauti hadi kumi. Akashika kipande cha karatasi ya pH, inayobadilika rangi kufuata ukali wa asidi, kwa koleo dogo, akakishusha kupitia mdomo wa faneli, kikapita kwenye kiyeyushi, kikagusa maji, kikatoka.

"Moja, madam."

"Una uhakika?"

"Nyekundu kabisa, angalia."

Na kweli ilikuwa nyekundu kabisa.

Nikamwuliza kwa nini asidi haiwekwi kwanza kwenye bika na kupimwa kwa mita ya pH, kama tulivyokuwa tukifanya. Jibu lake lilikuwa refu, na lilikuwa na akili ndani yake. Ile ilikuwa wiki ya mgao wa maji, na kila chombo kinachopunguzwa kwenye kazi ni chombo kisichooshwa. Zaidi ya hapo, aliona ukitia asidi kwenye bika maji yanafanya ukungu mweupe, akahofia benzoiki inaganda na kubaki kwenye kuta za kioo. Hofu hiyo si ya kipuuzi; maji ya nyuzi 25 hayayeyushi hata gramu 4 za asidi hiyo kwa lita. Sisi huwa tuko chini sana ya kiwango hicho, na ule ukungu nadhani ni vitu vya nyanya tu. Lakini huwezi kumlaumu mtu kwa kuwaza.

Na mita? Mita alianza nayo. Akawa anazamisha elektrodi, ile fimbo ya mita inayohisi pH, kupitia tabaka la juu hadi kwenye maji. Siku ya kwanza ilisoma 7.2, ikatulia kidogo, ikaenda 6.1, ikarudi 8. Siku ya nne haikutulia kabisa. Siku ya sita aliiona imekuwa na ngozi, akaiweka kwenye droo, akachukua karatasi.

Elektrodi hiyo iko mezani kwangu ninapoandika haya. Mwili wake ni wa plastiki, na pale ilipokuwa ikizama kwenye ethili asetati pamepoteza mng'ao, panaganda kidoleni. Hilo linaonekana kwa macho. Kubwa zaidi halionekani. Kile kibofu cha kioo kwenye ncha kinafanya kazi kwa sababu uso wake umelowa maji. Haidrojeni inabadilishana nafasi na kioo kwenye utando mwembamba uliolowa. Ukikipitisha kwenye kiyeyushi, utando unakauka na kupakwa. Pembeni yake kuna kitundu kidogo kinachovujisha potasiamu kloridi polepole ili mkondo wa umeme ukamilike. Hicho nacho kinazibwa. Mita ya namna hii Arnold Beckman aliitengeneza Marekani mwaka 1934 ili kupima ukali wa juisi ya malimau. Ilizaliwa kwa ajili ya vitu vya majini. Nilipoipima kwenye bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya 4.01 na ile ya 7.00, tofauti ya milivolti ilitakiwa iwe kama 178 kwa joto la chumba chetu. Ilitoa 77. Tuliiloweka usiku mzima kwenye potasiamu kloridi, ikapanda hadi 102, ikakataa kuendelea.

Kwa hiyo yule mgeni tuliyemwachia hakuwa msafi. Ethili asetati haikushindwa kuvuta benzoiki, ila iliua mita, mita ilipokufa ikaingia karatasi, na karatasi ikasema uongo. Etha nayo isingefaa elektrodi kupitishwa humo, ila wakati wa etha tulikuwa tukipima kabla ya kuiweka.

Bado sikujua karatasi inadanganya vipi. Nilichotarajia ni kwamba itakataa kulowa. Karatasi ikishapakwa kiyeyushi, maji hayaingii vizuri, na rangi zake zenyewe zinaanza kuchuja na kutoroka. Nilijaribu kwenye bafa ya pH 10: karatasi kavu ikawa ya buluu papo hapo, ile niliyoichovya kwanza kwenye ethili asetati ikaja kwa madoa, huku manjano, huku kijani. Lakini hilo lingetupa rangi ya ajabu, au manjano ya karatasi isiyolowa. Lisingetupa nyekundu safi mara kumi na moja.

Nikamwambia kijana adondoshe asidi tena kwenye faneli nyingine, halafu asizamishe chochote. Nikalowesha karatasi kwa maji ya kawaida, nikaishikilia mdomoni mwa faneli, hewani, kidole kimoja juu ya kioo. Ikawa nyekundu kabla sijamaliza kuhesabu hadi tano.

Asidi kali ya haidrokloriki hutoa mvuke, kila aliyefungua chupa yake anaujua kwa pua. Pale kwenye shingo ya faneli mvuke umejaa, na matone mengine yamebaki kwenye kuta. Karatasi iliyolowa inapakwa nyekundu mlangoni, kabla ya kufika ilikotumwa. Matone kumi yanatosha kuifanya nyekundu. Matatu pia yangetosha. Alikuwa akipima hewa.

Tukafungua koki ya chini ili tupate tone la maji yenyewe. Hapa karibu nimwombe kijana radhi, maana tone nalo lilikuwa jekundu! Nikakaa kimya kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba hatukuwa tumetikisa. Asidi kali ina uzito wa gramu 1.18 kwa mililita moja, maji ya sosi ni kama 1. Matone yalikuwa yamepita kwenye kiyeyushi, yakapita kwenye maji, yakaenda kulala chini kabisa, juu ya koki. Tone la kwanza lilikuwa karibu asidi tupu. Tukafunga, tukatikisa, tukatoa gesi mara mbili, tukasubiri tabaka zitengane. Tukamwaga matone matatu ya kwanza, kwa sababu mrija wa chini ya koki una mabaki ya zamani, tukapokea la nne kwenye kigae cheupe. Karatasi ilionyesha rangi ya 6. Siku mbili baadaye, kwa elektrodi ya kuazima na maji yaliyotolewa nje kwenye chupa ndogo, tulisoma 5.9.

Matone kumi yalienda wapi? Kwenye siki. Sosi hiyo ina asidi ya siki ya kama gramu 1 kwa kila mililita 100, kwa hiyo mililita 50 zina nusu gramu. Baada ya kutiwa sodiamu haidroksaidi, siki yote inakuwa asetati, na asetati inameza asidi unayoiweka bila pH kushuka sana, hasa kati ya 6 na 4. Kuigeuza yote kunahitaji asidi kali ya matone kama 14 peke yake. Bado kuna sodiamu haidroksaidi iliyozidi, ambayo inadai kwanza. Tulipotia kwa kupima kweli, sosi hiyo ilifika pH 2 kwenye tone la 26. Ile ya maji safi niliyoitumia kumsafisha mtuhumiwa wa kwanza ilihitaji tone moja. Jaribio langu la awali halikuwa na siki, ndiyo maana halikuona kitu.

Na kuna jambo jingine, dogo lakini linaniudhi. Ethili asetati haivumilii sodiamu haidroksaidi. Vikikutana kwenye maji inavunjika kuwa ethanoli na, angalia ajabu, sodiamu asetati, yaani siki nyingine. Kwa kumimina kiyeyushi kabla ya asidi tulikuwa tukitengeneza ndani ya faneli kile kile kinachozuia pH kushuka.

Kwa pH 5.9 na mivuto miwili ya mililita 25, kurudi kwa asilimia sitini na kitu ndicho unachokitegemea. Namba ilikuwa sahihi kwa kosa lililofanyika.

Sasa tunafanyaje? Asidi inaingia kwenye bika, kiyeyushi kikiwa bado kwenye chupa yake. Tunakoroga, tunapima kwa mita, tunaandika, elektrodi inasuuzwa na kurudi kwenye potasiamu kloridi, ndipo kila kitu kinahamia faneli. Hii inamaliza tabu kwa sehemu kubwa, na bika moja la ziada tutaliosha.

Lakini kuna kazi ambazo lazima pH ipimwe kiyeyushi kikiwa juu: unavuta, unarekebisha, unavuta tena. Baada ya mvuto pH huweza kusogea, kwa sababu kilichohama kilikuwa asidi. Kwa hizo nimewafundisha njia mbili. Ya kwanza ni koki, kama nilivyoeleza: tikisa, tulia, mwaga matone ya mrija, pokea tone kwenye kigae, ligusishe kwenye karatasi kwa fimbo ya kioo. Karatasi isisogee karibu na mdomo wa faneli. Kigae tunakiweka upande wa pili wa meza.

Ya pili ni pipeti, kwa kazi zinazofanyika kwenye bika au chupa isiyo na koki. Hapa watu hukosea kwa kushusha pipeti tupu kisha wakaminya mpira ikiwa chini. Kiyeyushi kinakuwa kimeshaingia kwenye ncha njiani. Minya mpira ukiwa bado hewani, shuka ukiwa umeubana, na ukishavuka mpaka wa tabaka toa kipovu kimoja au viwili kufukuza kilichoingia. Ndipo uachie taratibu, maji yapande. Panda juu, futa nje ya pipeti kwa karatasi laini, acha tone la kwanza lianguke, tumia la pili. Ukitaka mita, kusanya mililita mbili tatu kwenye chupa nyembamba, acha kiyeyushi kilichobaki kielee na ukitoe, na elektrodi iwe ya mwili wa kioo.

Mtu ataniuliza kama maji yaliyoshiba ethili asetati yanatoa pH ya kweli. Mililita 100 za maji hubeba kama gramu 8 za kiyeyushi hicho, kwa hiyo hapana, si sawa kabisa na maji matupu, na chumvi nyingi ikiwepo inasogeza namba pia. Kama unaandika kwa desimali mbili, una tatizo. Kama unataka kujua uko chini ya 2 au uko kwenye 6, huna.

Na kabla ya yote hakikisha maji yako chini kweli. Kwa klorofomu mambo yanapinduka, maji yanaelea. Ukiwa na shaka dondosha maji kidogo na uone yanajiunga na tabaka lipi.

Tulirudia mtego wa Februari: 96, 97, 94. Tukarudia sosi ya mama: 1080.

Kumpigia simu nilichelewesha hadi saa nne asubuhi, nikijua kabla ya hapo yuko jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mnataka sosi?"

Nikamweleza. Alinyamaza, kisha akauliza kwa upole uliouma kuliko ukali: "Sasa aliyebadilika ni nani, sosi yangu au ninyi?"

"Ni sisi, mama. Tulikosea kupima."

Akaja na bodaboda ileile, na chupa mbili na kijiko chake. Kijiko ndicho kilichonifungua macho. Kwa ndoo ya kilo 20 huweka vijiko vinne vya chai vilivyojaa vya sodiamu benzoeti, na tangu joto lizidi amekuwa akiongeza cha tano, kwa sababu wateja wa vibandani walilalamika sosi inatoa povu. Tulipima kijiko chake: gramu 5.2. Vitano ni 26, na ukiondoa sodiamu inabaki kama gramu 22 za asidi ya benzoiki kwenye kilo 20. Miligramu 1100 kwa kilo, karibu kilekile ambacho faneli ilisema ilipoachwa iseme.

Tukapima pH ya sosi yake, ambayo haina kiyeyushi chochote juu: 4.4. Hapo ndipo hesabu ya faneli inapohamia kwenye chupa, kwa sababu kihifadhi hiki kinaua kuvu na hamira kikiwa asidi nzima tu. Benzoeti yenye chaji haiingii kwenye chembehai zao. Kwa pH 4.4, asilimia 39 tu ya alichokiweka ndiyo inayofanya kazi. Kwa 3.8 ingekuwa 72. Kijiko cha tano kilikuwa kinafanya kwa shida kazi ambayo siki ingeifanya kwa urahisi. Nikamshauri anunue mizani ya jikoni, apime gramu 20 kwa ndoo, na aongeze siki kidogokidogo mpaka tumwambie imefika.

Akasikiliza, akaandika kwenye simu, akafunga mkoba.

"Na hiki kipimo cha pili nalipa?"

"Hapana mama."

"Na cha tatu, nikileta hiyo yenye siki?"

Kijana wetu alikuwa mlangoni ameshika kigae cheupe. Akajibu kabla yangu kwamba hicho nacho ni bure.